Mburu Amerudisha Pembe

Pioneer,
Eldoret.
11 Novemba 2025

Mpendwa wifi Waithira,

Habari za Kanada? Baridi imeanza kuuma? Na yale magoti? Sisi tuko wazima, ila mvua imekataa kukatika, na mahindi yanaoza shambani tukiyaangalia.

Ndugu yako Mburu ameacha pombe. Ndiyo, Mburu yuyo huyo. Pale kliniki anapochukua dawa zake za virusi, waliomba wanywaji wajitolee kwa utafiti. Sister Rael, nesi wa pale, akatueleza wanajaribu dawa ya zamani ya presha, waone kama itakata hamu ya pombe. Sasa wifi, presha Mburu hana! Nikauliza tena na tena mpaka sister akachoka na mimi. Halafu akasema wengine wanapewa tembe tupu, haina dawa ndani, na hata yeye hajui nani anameza ipi. Nilitoka hapo kichwa kinazunguka.

Lakini pombe imeisha. Siku hizi anarudi nyumbani kabla ya kuku.

Basi Jumamosi wakwe wakaja kuleta mahari ya Kabura wetu. Desturi unaijua: binti anampa baba pembe ya muratina, pombe yetu ya kienyeji, baba akinywa ndio amekubali. Kabura akapiga magoti. Mburu akaishika ile pembe, akairudisha. Mzee wa upande ule akachukua kofia yake, akidhani binti amenyimwa, na Kabura akaanza kulia. Mimi, Mungu anisamehe, nikamnong'onezea Mburu aonje tu kidogo tusiaibike.

Akasimama. "Nina virusi, na pombe ilikuwa inanimaliza," akawaambia. "Binti nimemtoa kwa moyo wote. Nileteeni uji."

Akanywa uji. Wakwe wakaaga kwa heshima, wakasema watapiga simu. Hawajapiga. Kabura haongei na mtu, na mimi sijui nimkasirikie Mburu ama nimshukuru.

Jana nikamuuliza, na kama anameza tembe tupu?

"Basi Jumamosi nilikuwa peke yangu mbele ya ile pembe," akasema.

Wifi, Jumamosi hiyo nilikuwa nimekaa kando yake.

Nisalimie Antony na Janice. Mungu akufunike huko kwenye theluji, na utuombee simu ilie.

Ni mimi wifi yako, nakupenda hata nikiwa sielewi kitu,
Njambi