Vipimo vya Mwezi wa Nne

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi. Mimi mwili hauna shida. Moyo ndio unaonisumbua, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kukimbia.

Wifi ameniandikia kwamba shule nzima inalalamika tangu nilipompigia simu fundi bomba wenu afunge maji yanayopita kwenye vichujio vyangu, na kwamba wewe, mwalimu mkuu, unawatuliza watu kwa kuwaambia Profesa anafanya ukarabati. Nitalieleza hilo. Nivumilie kidogo.

Unajua nilivyoanza. Miaka kumi na moja nilikuwa mhadhiri wa kemia mwenye ofisi iliyokuwa stoo ya viti vibovu, huku niliowafundisha wakinipita vyeo. Kisha ikaja kazi ya chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba inabidi zijipange maelfu ndipo zifikie upana wa unywele mmoja. Tulizipaka kwenye vichujio vya udongo, zikaua vijidudu vya maji kama mchezo. Mkono wangu wa kulia alikuwa fundi wa maabara, mzee tuliyemwita Mizani kwa sababu hakuwahi kukadiria kitu. Hata sukari ya chai aliipima.

Vichujio tulivipima kila mwezi. Mitatu ya kwanza, safi kabisa. Mwezi wa nne Mizani akaja ofisini na karatasi mkononi, akasema chembe zimeanza kubanduka na kuingia kwenye maji, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Nikamwambia mashine imeharibika. Akarudia mara tatu, akaleta majibu yaleyale, akasema kwa upole, "Daktari, mashine ni nzima."

Makala yangu ilikuwa imeshakamilika, na maombi ya uprofesa yalikuwa yanafungwa wiki ile. Nikaandika kwamba vipimo vilifanyika kwa miezi mitatu, nikaishia hapo. Mizani aliomba jina lake liondolewe. Wenzangu walipouliza sababu, nikawaambia uzee umemfanya mzembe. Mtu yule akahamishiwa stoo kuhesabu chupa, mpaka akastaafu.

Ulipoomba vichujio kwa ajili ya shule yako, nilipaswa kukataa. Lakini ulikuwa umeshajigamba kwa wazazi kwamba ni kazi ya mdogo wako, nami nilipenda kusikia hivyo. Nikaja, nikakata utepe, nikanywa glasi ya kwanza, mkanipigia makofi. Glasi ile ilikuwa salama. Nilijua hivyo, na nilijua itakavyokuwa baadaye.

Hakuna ukarabati, kaka. Ile chupa ya maji uliyonitumia mwezi uliopita kwa utani, ukisema nionje matunda ya kazi yangu, niliipima. Mizani alikuwa sahihi. Siku hiyohiyo nikampigia fundi bomba, na hata yeye nikamdanganya. Wanafunzi wako wamekunywa maji yale miezi tisa. Daktari niliyemuuliza anasema kiasi hicho huenda kisiwadhuru. Hiyo "huenda" nimeishikilia siku nyingi, lakini siwezi kuwapa watoto mia sita neno kama hilo.

Jana nilikwenda kwa Mizani, nikapiga magoti sebuleni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama shule imeshaambiwa. Nikasema bado. Akasema basi nimekosea nyumba, akainuka, akanifungulia mlango.

Leo asubuhi nimeliandikia jarida liiondoe makala yangu, na mkuu wa kitivo nimemweleza yote, pamoja na niliyomsingizia yule mzee. Cheo kitakwenda, kiende. Ijumaa nitakuja kusimama mbele ya wazazi. Vichujio ving'olewe vyote, na watoto wapimwe. Tafadhali usinitetee. Tangu utotoni umenitetea, na safari hii ukifanya hivyo watakuhesabu pamoja nami.

Nawasalimu wote hapo nyumbani. Ila wifi msomee barua hii yote kwanza, ndipo umpe salamu zangu, ili aamue mwenyewe kama anazipokea.

Ni mimi, mdogo wako.