Kipande Ulichoniomba Nikikate

Los Angeles,
9 Machi 1998

Dada yangu Zora,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na shemeji Eino na wajukuu wote. Goti lako linasemaje na baridi hiyo ya Butte? Mimi sijambo, ila macho tu: daktari ananikataza kusoma sana, na kazi yangu yote maishani ni kusoma na kuandika. Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma mara tatu, kisha nikaiacha mezani nikawa naizunguka siku nne, kama mbwa anayemwogopa nungunungu.

Unaniambia jumba la sinema la mtaani kwetu limekarabatiwa, na mwezi Mei watalifungua kwa kuonyesha filamu yangu ya kwanza, mimi mwenyewe nikiwepo. Nimefurahi, dada. Nimeongoza filamu kumi na moja. Nyingine hata mimi sitaki kuziona tena, lakini ile nikiikumbuka nasikia harufu ya jiko la Mama.

Unakumbuka kiangazi kile cha 1966, tulipokuja na malori ya kamera? Mama alikataa katakata watu wangu kula hotelini. Akawapikia kabeji na soseji siku ishirini mfululizo, na Gil Harmon, mwigizaji wetu mkuu, alipoonja sufuria bila ruhusa, Mama alimtoa jikoni kwa mwiko, hajali kwamba sura ya bwana yule ilibandikwa kila mji. Na Baba! Alipomwona Gil ameshika koleo kwa ncha za vidole alimuuliza, "Kijana, unachimba nalo au unalichumbia?" Wachimbaji walicheka mpaka tukashindwa kupiga picha asubuhi ile.

Watu huniuliza niliipataje kazi hii. Huwaambia nilifika huku na sanduku moja, nikafagia studio miaka miwili, nikapewa kuchapa miswada ya wenzangu, na siku moja nikabadilisha maneno ya sherifu fulani bila kutumwa. Mwenye mswada alinijia juu, akaniita fundi fagio anayejitia mwandishi. Kesho yake akaja kimyakimya kuniomba nimbadilishie na maneno ya mke wa sherifu. Yote hayo ni kweli. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini niliondoka Butte wiki mbili tu baada ya kumzika kaka yetu Stipe.

Sasa nije kwenye ombi lako. Unataka nikikate kile kipande ambamo kijana anajilaza akijifanya mgonjwa, kaka yake anamshikia zamu mgodini, na harudi. Unasema umekivumilia miaka thelathini na mmoja kwa ajili ya Mama, na sasa Mama hayupo. Unasema pia Butte nzima inajua Stipe alikufa akinishikia zamu kwa sababu nilikuwa na homa, na mimi nikaigeuza homa ya kweli kuwa uongo ili wageni walie. "Umemfanya marehemu aonekane mjinga," umeandika, "na sisi tuliobaki umetuaibisha." Ukaongeza kwamba ndiyo maana Baba aliinuka katikati ya filamu akatoka, asiitaje tena mpaka anakufa.

Dada, sikuwa na homa.

Jumanne ile ya Novemba 1951 nilikuwa mzima kabisa. Ilikuwa imeletwa filamu ya siku moja tu, saa nane mchana, nami nilipangiwa zamu ya mchana. Nilijifunika blanketi nikamwambia Stipe kichwa kinanipasuka. Alinitazama, akacheka. "Haya lala, bwana mkubwa. Ila Jumapili viatu vyangu utavisugua wewe." Akachukua chakula changu akaenda. Nilikuwa sinemani, safu ya tatu, nacheka kwa sauti, king'ora cha mgodi kilipolia. Nilikimbia nyumbani, nikavua viatu, nikarudi kitandani. Mama aliponikuta natetemeka akadhani homa imezidi. Mkanikanda wewe na yeye kwa vitambaa vya maji, na wewe ukawa unaniambia, "Si kosa lako, Vinko. Ungefanyaje na wewe unaumwa?"

Na siku ile ya kuonyesha filamu, Baba hakutoka kwa hasira. Nilimfuata nje nikamkuta kando ya ukuta, kofia mkononi, theluji ikimwangukia kichwani. Nilipoanza kusema alinizuia. Alisema alijua tangu siku ya ajali. Alipokuja kutuambia lifti imekatika na Stipe yumo, alinigusa paji la uso, halina joto lolote, na chini ya kitanda viatu vyangu vilikuwa bado na theluji. Miaka kumi na tano alingoja nimwambie. "Umewaambia watu baki kabla ya kuniambia mimi," alisema, na sauti yake haikuwa kali. Kisha akanifunga vifungo vya koti, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, akaniapisha kwamba Mama asijue kamwe. Kiapo hicho ndicho kilichonifunga mdomo, hata miaka ile mitano uliyoacha kuniandikia.

Kwa hiyo siwezi kukikata. Katika filamu zangu zote, hicho ndicho kipande pekee ambacho sikukitunga. Nitakuja Mei, na kabla taa hazijazimwa nitawaambia watu wa Butte kama nilivyokuambia. Nimekuandikia kwanza kwa sababu kosa nililomfanyia Baba sitaki kukufanyia wewe. Ukiona huwezi kunipokea nyumbani, nitafikia hotelini, wala sitakulaumu.

Mpe shemeji Eino mkono wangu, na wajukuu uwabusu kila mmoja kwa jina lake. Najua Jumapili ukitoka kanisani hupitia makaburini. Tafadhali, usimwambie Stipe kitu. Niachie mimi.

Mdogo wako,
Vinko