Nani Anatembea na Mama

Gallup, New Mexico
Jumapili, upepo umeanza tena

Kaka yangu Maganga,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, nawasalimu wifi na watoto wote hapo Tabora, na naamini barua hii itakukuta dukani ukibishana na mteja kuhusu bei ya spea. Mimi huku ni mzima wa mwili, kichwa ndicho hakitulii. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Nikianza tu unasema, "Mama hajambo, usiwe na wasiwasi, fanya kazi," halafu unaniaga. Barua huwezi kuikatiza.

Hali zenu lakini? Mvua zimekatika? Umeshafika Sikonge kumwona mama tangu Pasaka, au bado unampelekea salamu kwa madereva wa tumbaku? Sikugombezi. Mimi niliye mbali kuliko wote sina mdomo wa kumgombeza mtu.

Nianze na jambo lenyewe. Ofisi imeniletea mkataba mpya wa miaka miwili, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Karatasi nimeziweka juu ya friji. Kila nikienda kuchukua maziwa naziona, nafunga mlango kwa nguvu utadhani friji ndilo lenye makosa. Sijasaini. Usikasirike bado, soma kwanza.

Najua wewe huwaambia watu kwamba mdogo wako anagawa misaada kwa Wahindi Wekundu. Naomba uache. Jina lao ni Wanavajo, na wenyewe hujiita Diné. Halafu sigawi kitu. Kuna vikundi vidogo vya wenyeji wanaohudumia watu wao wenyewe: wengine wanapeleka kuni kwa wazee, wengine wanafundisha watoto lugha yao, wengine wanabeba wagonjwa hospitali. Moyo wanao, na magari mabovu wanayo. Ofisi yetu inawatafutia mhasibu, inawafundisha kuandika maombi ya fedha, inawalipia mafuta na matengenezo. Mimi ndiye ninayezunguka kuwauliza wamekwama wapi. Nchi yenyewe ni kubwa na kavu, nyumba moja huku, nyingine kule nyuma ya mwamba, na nyingi hazina bomba la maji. Ndiyo, Marekani hiyohiyo. Wifi hakuniamini nilipomwambia.

Siku za mapumziko siwezi kukaa ndani. Natoka, natembea. Sasa huku mtu anayetembea kando ya barabara kuu ni mtu ambaye gari lake limekufa, kwa hiyo kila gari linasimama. "Dada, uko salama? Tukusogeze?" Nawaambia natembea tu. Wananitazama, wanatazamana. Mmoja aliniachia blanketi na chupa ya maji, akaondoka akitikisa kichwa. Nimejaribu kuwaeleza kwamba babu yake babu yetu alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, akarudi, akaenda tena, na kwamba kwetu kutembea si dalili ya matatizo. Ila mwaka huu, kaka, kwangu nadhani ni dalili.

Sababu ni mama mmoja anaitwa Lorraine. Ana kikundi cha kupeleka maji. Ana pikapu na tangi, na wazee waliotapakaa kwenye miamba wanamngoja na mapipa yao. Ni mkali, anapenda mpira wa kikapu wa mabinti wa shule kuliko chakula, na mimi ameniita "Wewe wa Karatasi" tangu siku ya kwanza. Baadaye alinizoea, akaniambia nimwite shimá, yaani mama yangu, kama sisi tunavyosema mayu. Lakini hakuacha kuniita Wewe wa Karatasi.

Kila mwaka ofisi inataka mpango wa kila kikundi, na mwaka huu wameongeza swali ndani yake: kiongozi akifariki au akishindwa kazi, nani atashika nafasi yake? Bila jibu, fedha za mafuta zinasimama. Ni swali la haki kabisa ukiwa umekaa ofisini. Nilimsomea Lorraine jikoni kwake. Akaweka kikombe chini.

"Funga hiyo."

"Ni swali tu, shimá."

"Maneno hayo sisi hatuyasemi. Ukiyasema, umeyaita."

Nikajaribu kuzunguka. Nikasema basi tuseme umechoka, umekwenda kupumzika. Akainuka, akawasha televisheni, akaongeza sauti mpaka nikaona aibu, nikaaga.

Kaka, sikulala vizuri wiki ile. Msimamizi wangu, kijana mwema anayependa tarehe kuliko watu, aliniambia bila jibu hana la kufanya. Nami nilikuwa namfikiria mzee mmoja kipofu kule juu, anayegonga pipa lake kwa fimbo kusikiliza maji yamebaki wapi. Nilitaka kumwandikia Lorraine jina lolote, yaishe. Halafu nikakumbuka kwetu. Baba alipolala ndani akiumwa muda ule wote, nani kati yetu alithubutu kumuuliza mizinga yake ya nyuki itakuwa ya nani? Wewe ndiye mkubwa, na hukufungua mdomo. Tulikuwa tunamwambia, "Ukipona tutakwenda kurina asali." Sasa leo naenda na karatasi kumfungulia mdomo mama wa watu.

Nikarudi kwake bila karatasi. Nikamwomba nipande gari, nione kazi.

Tulikuwa watatu kwenye pikapu. Usukani alikuwa nao Darlene, mtoto wa dada yake, ambaye kwao, kama kwetu, ni mtoto wake tu. Lorraine alikaa dirishani amejifunika shali. Kila nyumba tuliyofika, Darlene ndiye aliyeshuka. Kwanza anajitambulisha kwa koo zake, ukoo wa mama na wa baba na wa mababu, kisha anauliza kikohozi kimefikia wapi, kama kondoo waliopotea wamepatikana, halafu ndipo anafungua maji. Lorraine hakushuka hata mara moja. Nikadhani anaumwa miguu. Kwa yule mzee kipofu, mzee alimwita Lorraine kwa jina, akamuuliza mbona hashuki. Akajibu kwa lugha yao, mzee akacheka. Darlene alinitafsiria baadaye: alisema, "Mimi leo ni abiria."

Njiani kurudi Lorraine akaniuliza, "Umeona nani anaendesha?"

"Nimeona."

"Tangu lini?"

Nikamtazama Darlene. "Tangu theluji ilipoisha," akasema Darlene, bila kutoa macho barabarani.

"Basi andika ulichokiona, Wewe wa Karatasi. Usiandike usichokiona."

Nikaandika hivyo. Nikaandika nani anaendesha, nani anajua njia, nani anajulikana na wazee. Kifo sikukitaja, cha mtu yeyote. Msimamizi alikuna kichwa, akasema hili si jibu la swali, na mimi nikamwambia kwa sauti ambayo wewe unaijua kwamba swali ndilo halijui kuuliza. Amekubali kwa mwaka huu. Kwa mwaka ujao atagombana na mtu mwingine.

Ningeweza kukuletea habari hii kama kichekesho na kuishia hapo. Ila pale kwenye gari, Darlene alipokuwa anajaza mafuta, Lorraine aliniuliza mama yangu akinipigia anasema nini. Nikamwambia ah, hana neno, anazungumzia njia tu. Kwamba njia ya kwenda kwenye mizinga ya baba, ile inayopita bwawani, imeota majani. Kwamba kuna mti wa mninga wenye mzinga, ambao wageni wanaupita bila kuuona. Kwamba nyuki wa upande wa bondeni wamehama, yeye anajua walikohamia.

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia vizuri, mama."

Alinitazama tu, kisha akageukia dirishani. Kaka, nililia pale kituo cha mafuta kama mtoto, Darlene akarudi akaniuliza kama mlango umenibana kidole.

Kwa muda wote huu nilidhani ananipa habari za msitu. Mama yetu hawezi kuniambia "nimechoka, njoo nikuonyeshe kabla sijaondoka." Hataki, na hajalelewa hivyo. Kwa hiyo anasema majani. Anayasema kila simu, na mimi ninayelipwa kwa kuuliza watu wamekwama wapi sikusikia.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba hajambo. Niambie akienda msituni anatembea na nani. Nani anamshikia moshi? Nani ameonyeshwa ule mninga? Kama jibu ni hakuna mtu, au ni vibarua anaobadilisha kila msimu, basi tayari umenijibu. Na lile wazo lako la kumhamishia mjini, kwenye chumba cha uani, naliheshimu, najua unampenda. Lakini ukimtoa Sikonge, mizinga ile itabaki bila mtu wa kuiona, na yeye atakaa barazani kwako akihesabu treni.

Utasema nimerukwa na akili, kazi kama hii watu wanaililia. Kweli. Naogopa. Usiku nageuka huku na huku nikijiuliza nitakula nini Sikonge, na kama nyuki bado watanivumilia. Asubuhi naamka nimeshaamua, mchana naamua tena kinyume. Jana nilizitoa zile karatasi juu ya friji, nikazirudisha ofisini bila saini. Mama hajaniomba nirudi, na hataomba, hivyo nisiposogea mwenyewe hakuna atakayenisogeza.

Nisalimie wifi, mwambie viatu alivyoagiza nitavileta mwenyewe mkononi. Nisalimie shangazi wa Igunga anayetuombea kila siku na kutusema kila siku. Nisalimie baba mdogo wa Kaliua, mstaafu wa reli, na umwulize kama bado anaijua ratiba ya treni au anaibuni. Wanangu wabusu wote.

Kwa mama nina ombi moja. Usimwambie kwamba nakuja, ataniuliza kwa nini, nami nitalazimika kusema yale yasiyosemwa. Mwambie tu kwamba Nyamizi amesema mwaka huu asitafute kibarua wa kufyeka njia.

Mdogo wako,
Nyamizi