Kapita wa Kopo

Bunia, 9 mars 2025

Liévin,

Jambo. Siye tuko. Mugongo inauma, lakini hiyo ni ya kila siku. Dada yako Élise iko muzima. Weye uko namna gani na baridi ya Nairobi?

Ninaandika mimi mwenyewe. Dada yako atapiga photo ya karatasi, akutumie. Usiseme ni Élise njo anakasirika. Ni mimi.

Matanga ya mama yako imeisha jumamosi. Batu walikula, walifagia parcelle ya nyumba, walirudi kwabo. Weye haukuonekana. Siku ya kuzika nilisema: njia ni mbaya, atakuya ku matanga. Sasa nitasema nini tena?

Unajua desturi ya kwetu. Ku musalaba, mukono ya kwanza ni ya mutoto mukubwa. Yeye njo anashika, anatia ciment ya kwanza na truelle, kisha bengine. Muyomba wako Olivier alitaka kushika. Nilimukatalia mbele ya batu. Nilisema: Jeannine alizala mutoto mukubwa, iko, atakuya. Sasa musalaba inaegemea ukuta ya cuisine. Kuku inalala juu yake. Mama yako iko chini ya udongo bila jina.

Kuya.

Papa yako,
Josaphat

*

Nairobi, 17 mars 2025

Papa yangu mupendwa,

Ninakusalimia na heshima yote, na Élise pia. Ile mugongo inanisumbua roho. Pakala mafuta ya moto, usibebe matofali mingi mara moja.

Papa, usinichukie. Hapa ku bureau, ukikosa wiki moja, wanatia mutu mwengine ku kiti yako. Nilikuelezeaka hii kazi: tunafundisha machine. Wananipa photo, ninazungusha mustari: huyu ni mutu, hii ni jembe, hii ni mbuzi. Asubui paka magaribi. Machine inajifunza. Leo inaandika, inaongea, inachora sawa mutu. Kesho itabeba matofali, na weye utapumuzika.

Unakumbuka Kapita? Ile robot yangu ya kopo za tomate, na macho ya balbu za torshi? Nilitoka kuangalia filme ku chumba ya video ya muzee Assani, mashini za mbinguni zinatembea, zinapiga hesabu, zinapigana. Siku ile ile nilianza kukata kopo. Nilimwambia mama: «Nikiwa mukubwa, Kapita atakuchotea maji ku muto Shari. Weye utakaa paka ku kiti, unamutuma.» Mama alicheka paka machozi. Papa, ile siku inakaribia. Mimi niko ndani ya ile kazi.

Kwa mambo ya musalaba, nitatuma kitu. Mutafurahi.

Mutoto wako,
Liévin

*

Bunia, 2 avril 2025

Liévin,

Salamu nitatia ku mwisho, kama itabaki.

Ile kitu yako imefika. Ulitia photo mu groupe ya famille. Weye na costume nyeusi, unashika musalaba, siye wote nyuma yako, kaburi na carreaux, vigae nyeupe. Batu wanaandika amen, amen, mutoto mwema.

Kaburi gani? Niliacha tanuru ya matofali ikiwaka, nikaenda kuangalia na macho. Ni udongo. Majani imeanza kuota. Musalaba iko na kuku yake. Na Olivier mu photo yako iko na meno yote! Olivier, mwenye hana meno ya mbele tangu zamani! Anafurahi, yule. Anaonyesha batu mu quartier: «Angalia ginsi niko kijana.» Nilimwambia: «Basi kamata yale meno, ukule nayo muhindi ya kuchoma.»

Lakini sikiya hii. Jana mama mukubwa Espérance alipanda kutoka Kasenyi na pikipiki, na beseni ya samaki ya kukausha ku magoti. Mwanamuke muzee vile, vumbi paka ku kope.

«Iko wapi mutoto wa dada yangu? Nimeona amekuya. Mbona hakushuka kunisalimia?»

«Hakukuya.»

«Josaphat, usinifiche. Nilimuona ku téléphone na haya macho. Analala?»

Aliingia mu chumba. Aliinua moustiquaire. Alienda kuangalia hata mu choo. Élise njo alimuelezea ginsi machine ilitengeneza ile photo. Espérance alikaa chini, beseni ku magoti. Alisema: «Basi nimekaushia machine samaki?» Kisha alilia, sawa siku ya kuzika.

Unasikia haya? Hii bongo yako, hii uongo, imemupandisha mama ya batu ile mulima yote.

Mimi sikusoma. Lakini sijaona nyumba inajengwa na photo ya tofali. Na kitu ingine. Ulisemaka machine itachotea mama yako maji. Alichota paka wiki ugonjwa ilimulalisha. Hakuna machine ilikuya. Hakuna mutoto alikuya.

Salamu haikubaki.

Papa yako

*

Nairobi, 5 avril 2025

Papa,

Ninakusalimia hata kama weye umekatala. Photo nimeitoa mu groupe. Mama mukubwa nimemupigia, hakupokea.

Lakini weye pia nisikilize. Unaongea sawa weye peke yako ulifiwa. Niliikala hapa, ukuta ine, hakuna mutu wa kulia naye. Niliomba ile machine: nionyeshe niko pale. Nilitaka nijione pale, hata mara moja. Kisha niliwatumia. Unaita hiyo bongo. Sawa, ni bongo. Lakini mimi pia nilikuwa na mama moja tu.

Pasaka nitakuya. Nimeomba congé. Mutayarishe ciment.

Mutoto wako,
Liévin

*

Bunia, 27 avril 2025

Liévin,

Siye tuko wazima. Weye pia uko muzima: Élise anasema ku téléphone ile taa kidogo ya kijani inawaka ku jina yako kila siku.

Pasaka tulikungoja. Espérance alipanda tena, na samaki tena. Nilichanganya ciment asubui, nikasema iko ku njia. Ciment haingojake mutu. Jua ilipofika katikati, ilianza kushika. Niliongeza maji. Olivier alipiga kelele: «Unaiharibu! Nipe nishike, tumalize!» Nilikatala. «Basi shika weye.» Nilikatala. Mume hatangulie mutoto, ile unajua.

Espérance alisimama. «Hakuacha hata kitu moja ya mukono yake?»

Aliingia, alifungua malle, ile sanduku ya mama yako. Chini ya bikwembe byake bya kuvaa, mu kitambaa yake ya kanisa, alitoa Kapita. Jeannine alimuchunga miaka hii yote, mimi sikujua. Kutu imekula muguu moja. Jina yako iko ku mugongo, uliandika na musumari.

Batu walicheka. Mimi hapana. Tulienda ku kaburi. Espérance alimusimamisha ku musalaba, akafunga ile mukono ya waya ku muti. Pasteur aliomba. Nilimwaga ciment. Sasa mama yako iko na jina.

Basi haukusemaka bongo. Ulisemaka siku moja machine itatumika mu nafasi ya mutu. Imetumika. Mu nafasi yako. Haikuomba congé. Haikutuma photo.

Miguu yake na mukono moja viko ndani ya ciment. Kichwa iko inje, inaangalia njia. Batoto ba jirani bako banamuvuta, ninabafukuza. Olivier anasema ni haya kwa famille, anataka kuikata. Nilimwambia akiigusa nitamukata yeye. Mimi sitaitoa. Mutu mwengine pia hapana. Burin na marteau za kupasua ciment viko nyuma ya mulango, mahali unajua. Utaitoa weye mwenyewe.

Espérance ameacha samaki yako moja. Imekauka vizuri, inaweza kungoja. Mimi, sijue.

Papa ya Élise