Uji Umekaa Tumboni

Nyarko mume wangu,

Maji ya kunywa ni yale ya sufuria yenye kifuniko, nimeyachemsha. Ya kwenye pipa ni ya kuogea tu. Dawa yangu usiisogeze, imebaki ya jioni. ~~Chakula cha mchana mtajipikia.~~ Kuna wali na mchuzi wa karanga. Mchuzi uchemke kabisa kabla hamjala.

Sasa sikia. Asubuhi nimekunywa bakuli zima la uji wa mtama, wenye tangawizi na pilipili. Nikakaa kwenye kigoda nikisubiri kukimbilia chooni kama siku zote hizi. Wapi. Uji umetulia, na mtoto akanipiga teke la kudai nyongeza. Nikamwongezea.

Wewe ulisema kuhara kule ni mambo ya mimba tu. Mama yako akasema nadeka, akaniletea udongo mweupe nitafune. Ningewasikiliza ningekuwa kitandani mpaka leo. Nesi ndiye aliyenipima, akakuta ni maambukizi ya tumbo, na mtoto yu salama. Iliniuma, Nyarko, kwenda kliniki peke yangu nikijishikiza ukutani.

Lakini leo sigombani na mtu. Nimekwenda sokoni kufungua kibanda changu.

Mama akiulizia udongo wake, mwambie sikuula hata punje. Nimeusaga nikajipaka shingoni na mabegani, kama wanavyopakwa walioshinda kesi kwa chifu. Soko zima litaniuliza nimewashinda akina nani.

Nitawataja.

Mkeo, mama wa mpiga mateke