Tuna Mlango, Nyumba Bado

Jumatano, 5 Machi

Leo mume wangu kaja na mlango. Si kitasa, si bawaba — mlango mzima, juu ya mkokoteni, na fremu yake. Mbao nzito, kitasa cha shaba, tundu la kuchungulia. Kuna jumba la zamani linabomolewa. Yeye ni fundi bomba, aliitwa kung'oa mabomba, na msimamizi akawaambia mafundi wachukue wanachokipenda kabla tingatinga halijafika. Wenzake walichukua masinki. Fundi wangu kachukua mlango.

Nimemuuliza mlango wa wapi. Akasema wa nyumba yetu. Nyumba ipi? Akasema tuanze na mlango, mengine yatafuata. Nimecheka mpaka nikataka kukaa chini, nikakuta hapana pa kukaa. Chumba chetu ni kimoja: kitanda, jiko kwenye kona, viti viwili. Na sasa mlango umelala sakafuni kama mgeni aliyelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisini. Kazi yangu ni kuchapa karatasi za viwanja kwa Mpimaji, bosi wangu. Leo nimefanya utafiti wa siri: kila fomu niliyochapa, nikaangalia mwaka wa kuzaliwa wa mnunuzi. Fomu kumi na moja tangu Jumatatu. Mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na mbili! Mmoja ananunua kiwanja chake cha nane. Nimembatiza Mzee wa Nane. Ananunua viwanja kama wengine tunavyonunua soksi.

Mimi nina miaka ishirini na minane. Fundi thelathini na mmoja. Mpimaji anatushikia Kiwanja 41 mpaka mwisho wa mwezi, amekubaliana na mwenye kiwanja: nusu tulipe sasa, nusu iliyobaki kidogo kidogo kwa miaka miwili. Nusu ya kwanza tunayo. Miaka minne ya kujibana — Fundi hana hata viatu vya kutokea. Tarehe 31 tukisaini tu, basi.

Ofisini sijamwambia mtu mwingine. Midomo ya pale naijua, wa kwanza ni wangu.

Jumapili, 9 Machi

Mlango umeshaanguka mara mbili. Mara ya kwanza ulinikosa mguu, mara ya pili ulimpata Fundi kisigino. Tukiulaza tunaukanyaga. Fundi anasema mlango usiposimama kwenye bawaba zake unapinda. Basi leo kanunua plaiwudi, kapiga ukuta katikati ya chumba, kaweka fremu, na mlango ukasimama. Huku kitanda, huku jiko na viti.

Raha iliyoje! Nikamfukuza nje — nje maana yake upande wa jiko. Akabisha. Nikachungulia kwenye tundu, nikamuuliza ni nani na anamtaka nani. Akasema ni fundi bomba, kaitwa na mama wa nyumba hii. Nikamwambia mama kasafiri, arudi wiki ijayo. Akabisha tena. Nikamwacha asimame mpaka chakula kikaungua upande wake. Tulikula kilichoungua. Sijafurahi hivi tangu siku ya harusi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechelewa kazini. Nilikuwa nafunga na kufungua.

Jumamosi, 15 Machi

Waziri kaja. Ndiye mama mwenye nyumba. Tunamwita Waziri kwa sababu kila neno lake ni tangazo. Kuanzia leo bomba linafungwa saa kumi na mbili. Kuanzia leo hakuna kuanika nguo mbele. Leo alikuja kusoma mita ya umeme, akauona mlango. Akasimama. Akakipapasa kile kitasa cha shaba kwa namna ambayo sikuipenda.

Akaingia, akatoka, akaingia tena. Halafu kwa upole kabisa:

"Wanangu, mimi niliwapangisha chumba. Hiki sasa ni chumba na sebule."

Fundi akasema chumba ni kilekile, hakijarefuka hata kidole, katia plaiwudi tu. Waziri akasema wenye chumba na sebule upande wa pili wanalipa mara mbili ya sisi, naye hapendi kuwagombanisha wapangaji wake. Kuanzia mwezi wa nne tulipe kama wao, miezi sita kwa mpigo. Fundi akasema basi anabomoa leoleo. Waziri akasema kilichopigiliwa kwenye ukuta wake hakibomolewi, yatabaki mashimo, na mashimo nayo yana bei yake.

Akaenda zake. Miezi sita, mara mbili! Kiwanja 41 ndiyo kwaheri hiyo. Nimelia kidogo upande wa sebule. Kumbe tuna sebule.

Jumapili, 16 Machi

Fundi kanuna. Anapiga mswaki kwa hasira. Nami nimewaza kutwa nzima, kichwa kinaniuma. Jioni nikapata. Kama ni chumba na sebule, si kimoja kinarudishika? Nilipomwambia Fundi alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nikamfuata Waziri, nikajitia hamnazo. Mama, umesema kweli, ni chumba na sebule, na sisi sebule hatuiwezi. Tunakurudishia. Tubaki na chumba kwa kodi yetu ileile. Hesabu yangu ilikuwa hii: nani atapanga sebule ambayo majirani wanapita katikati kwenda kulala? Waziri ataona upuuzi wake, tutacheka, yataisha.

Hakucheka. "Umefikiri vizuri, mwanangu," akasema, akachukua simu yake.

Nahisi nimejipalia makaa.

Jumamosi, 22 Machi

Sebule imepata watu. Siku tano tu! Ni Kinyozi na mkewe, mwalimu wa chekechea. Rika letu, labda wadogo kidogo. Mwalimu ana mimba ya miezi saba. Miaka mitano wamelala kwa wazazi wa Kinyozi, nyuma ya pazia, na baba mkwe anakohoa upande wa pili. Waliingia na godoro, ndoo mbili na kioo cha kunyolea.

Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia. Jiko letu tumelihamishia chumbani, liko kichwani mwa kitanda, nywele zangu zinanuka vitunguu. Lakini Mwalimu akasimama katikati ya ile nusu, akazunguka taratibu, akaniuliza, "Dada, kwa hiyo hapa ni kwetu peke yetu?"

Jumatano, 26 Machi

Kutoka nje sharti tupite kwao. Fundi anatoka saa kumi na moja alfajiri, viatu mkononi. Anabisha hodi, Kinyozi anasema karibu huku amelala, Fundi anasema asante, anapita. Mimi saa moja namkuta Mwalimu na chai, ananikaribisha, nachelewa kazini. Jana nilipita mara saba, choo kiko uani. Mara ya saba Kinyozi akaniuliza kama kuna kitu nauza.

Sasa Waziri anapokea kodi mbili kwa chumba kimoja, na wazo nilimpa mimi. Fundi ananikumbusha kila anapovalia viatu nje. Ila hao watu nimewapenda, nifanyeje. Kinyozi kamnyoa Fundi bure. Kamnyoa vibaya, lakini bure.

Ijumaa, 28 Machi

Mpimaji kaniita, akaniambia nikae. Akisema nikae najua ni msiba.

Mzee wa Nane anakitaka Kiwanja 41, na analipa bei yote kwa mkupuo mmoja. Mwenye kiwanja kabadilisha maneno: hataki tena habari za kidogo kidogo, anataka bei yote, iwe kwetu au kwa mzee. Mpimaji kamwomba atusubiri hadi Jumatatu saa tisa alasiri. Zaidi ya hapo mikono yake imefungwa.

Nikamuuliza mzee atakifanyia nini. Mpimaji akasugua miwani. Anasema kikae tu. Kikae tu! Nikarudi mezani nikachapa jina lake kwa makosa mara tatu, makusudi. Itabidi nimpandishe cheo, awe Mzee wa Tisa.

Nusu tunayo. Nusu nyingine kwa siku tatu, hata nikimuuza Fundi na nywele zake zile haitoshi. Nimeumia sana. Miaka minne.

Jumapili, 30 Machi

Nimefanya jambo bila kumuuliza Fundi.

Asubuhi nilipopita kwao sikupita. Nilisimama katikati nikawauliza: ndugu zangu, mna akiba? Wakatazamana. Kinyozi akadhani nakopa. Nikawaeleza habari ya 41, ya mzee, ya kesho saa tisa. Mwalimu akaweka kikombe chini. Akasema wanayo, ndiyo sababu walivumilia kikohozi cha baba mkwe, lakini kila kiwanja wakikifuata bei inapanda kabla yao. Akaitaja ile akiba kwa sauti ndogo sana. Nikakaa kwenye kiti chao bila kukaribishwa. Nusu yao na nusu yetu — kiwanja kizima! Nyumba mbili ndogo. Tutajenga polepole hata miaka kumi, lakini patakuwa petu.

Fundi kasikia yote, plaiwudi ile haizuii hata kikohozi. Akafungua mlango amevaa taulo. Akasema watu wenyewe tumewajua siku nane.

Kinyozi akamjibu, "Kaka, siku nane nimekusikia ukikoroma. Ndugu yangu wa tumbo moja simjui hivyo."

Mwalimu akacheka, mimi nikacheka. Fundi akarudi ndani. Mchana wote hakusema ndiyo, hakusema hapana. Yeye siku zote alitaka nyumba ya peke yake, ndiyo maana aliubeba mlango. Nimemwambia saa tisa tu, na ofisi anaijua.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika chooni ofisini, daftari kwenye goti. Saa tisa kasoro dakika kumi na tano.

Fomu nimeichapa mwenyewe. Wanunuzi wanne. Penye uhusiano nikaandika kwamba tunapita sebuleni kwao kwenda kulala. Mpimaji kafuta, kaandika majirani. Mzee wa Nane yuko kwenye benchi la mapokezi na gazeti lake. Nimemtengea upande wenye mguu mbovu. Kinyozi kasaini. Mwalimu kasaini, mkono mmoja tumboni. Nami nimesaini, mwandiko ukatoka wa mtoto wa darasa la kwanza.

Saa nane na nusu Fundi akaingia na ovaroli, ananuka gundi ya mabomba. Nilitaka kumkumbatia mbele ya watu. Akachukua kalamu. Kisha akaomba kwanza aione ramani.

Ramani hiyo nimeitoa nakala mara ngapi? Mara ishirini. Na sikuwahi kuitazama kwa macho ya watu wawili. Kiwanja 41 ni chembamba na kirefu, na barabara iko upande mmoja tu, ule mfupi. Fundi akapima kwa kidole. Ukikigawa kwa urefu, kila nyumba inapata upana wa kitanda na meza. Hakigawanyiki ila mbele na nyuma. Na wa nyuma hana njia isipokuwa kukatiza uani kwa wa mbele.

"Nani anakaa nyuma?" Fundi akauliza.

Kinyozi akatazama dari. Mpimaji akatazama saa. Mwalimu akanitazama mimi. Akasema wazo lilikuwa langu, basi dada aamue, wao watakubali lolote. Na alisema kwa moyo safi, ndiyo maana nikasema naenda msalani mara moja.

Jibu la mtu mwema nalijua: mbele wakae wao. Mwalimu anakaribia kujifungua. Akikaa nyuma atapita na mtoto mgongoni, mvua, tope, ndoo kichwani, hodi asubuhi na hodi jioni, maisha yake yote, kwenye ua wangu. Mimi nimepita kwao siku tisa tu, tena wananipa na chai, na nimechoka.

Wanabisha. Mpimaji anasema zimebaki dakika kumi, na mzee kakunja gazeti. Fundi naye namsikia nyuma yake, anauliza tu: mke wangu, unasemaje?

Nataka mbele. Mungu anisamehe, nataka mbele.