Mlango wa Sentimita Tisini

Mwanza, 3 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima na presha imetulia. Mimi sijambo, ujenzi unaendelea.

Wiki hii atafika fundi Lucas, mtu wa Maramba. Nimefanya naye kazi, ni mwaminifu. Atavunja vile vipandio vitatu vya barazani aweke njia ya mteremko. Mlango wa chumba cha uani na wa choo ataipanua, kila mmoja sentimita tisini. Choo kitakuwa cha kukaa, chenye vyuma vya kushikia ukutani. Umri unasogea, sitaki uhangaike.

Mwanao, Yasini

Chumbageni, 14 Juni 2024

Mwanangu Yasini,

Marahaba. Mimi mzima, alhamdulillahi. Fundi keshafika, lakini nina maswali.

Tangu lini unaniandikia barua? Idi hukuja, ukasingizia kazi. Simu ya picha hupokei, ya kawaida unasema mtandao mbaya. Vipandio hivyo navipanda na ndoo ya maji mkononi, nani kakwambia miguu yangu imechoka? Daktari kakueleza jambo nililofichwa? Au nyumba ya marehemu baba yako umeshampa mtu? Jirani Semeni anasema wenye hoteli ndio hutaka vyoo hivyo.

Nataka jibu.

Mama yako, Saleha

Mwanza, 25 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nafurahi u mzima. Daktari hajanipigia, wala nyumba haijauzwa. Ni kwamba tunajenga kana kwamba kila mtu atakuwa na miguu mizima maisha yake yote. Mimi mwenyewe nimejenga hivyo miaka kumi na moja.

Mwambie Lucas ashushe swichi ziwe mita moja kutoka sakafuni. Chini ya beseni la kunawia paachwe wazi.

Mwanao, Yasini

Chumbageni, 8 Julai 2024

Yasini,

Safari hii sikuulizi hali, maana hunijibu kweli.

Jana nilivuta kiti, nikakaa, nikanyoosha mkono. Swichi ikawa sawa na kidole changu. Nikasogea kwenye beseni. Pale chini panaingia magoti ya mtu aliyekaa.

Nikamuuliza Lucas, "Mwanangu anatembea?"

Akaweka mwiko chini. "Mama, aliniapisha."

"Sikukuuliza alikuapisha nini."

Akanieleza. Jukwaa la mafundi lilikatika mwezi wa nne, ukaanguka kutoka ghorofa ya pili, na tangu hapo hutembei.

Nimelia. Mimi sikufichi.

Mama yako

Mwanza, 21 Julai 2024

Mama,

Nisamehe. Kwenye simu sauti ingenikatika, ndiyo maana nikaandika. Nilitaka nyumba iwe tayari kabla hujaniona. Sasa hata sijui kama nije. Sitaki uzeeni uanze tena kunibeba.

Mwanao, Yasini

Chumbageni, 12 Agosti 2024

Mwanangu Yasini,

Natumai maumivu yamepungua na unakula. Mimi mzima, mikono tu inaniuma, na sababu nitakwambia.

Mteremko wako sikuuamini. Niliazima kiti cha magurudumu cha jirani, mama yake Beatrisi, nikakaa, nikajisukuma. Nusu ya njia nikarudi nyuma, Lucas akanidaka. Nikamwambia hii njia ni kali, umeipunja. Akakiri aliifupisha ili asiung'oe mwasumini wangu.

Nimemwambia aung'oe. Kavunja saruji yote, kaanza upya, na sasa njia inaanzia kwenye geti.

Leo asubuhi nimejaribu tena. Nimefika mlangoni bila kusukumwa na mtu.

Niandikie siku unayokuja.

Mama yako, Saleha